Kata Iliyopanda Ukutani
Shawa juu ya hodhi la kizungu katika nyumba za Eldoret

Na Mwandishi Wetu

Mtu wa pwani apatapo nyumba ya kupanga mjini Eldoret, hasa zile nyumba za zamani za mitaa kama Elgon View au kota za wafanyakazi wa reli, huanza kwa kukagua paa, madirisha na jiko. Hayo yote huyazoea siku ile ile. Lakini akifungua mlango wa chumba cha kuogea husimama akaduwaa. Ndani yake limo hodhi refu jeupe, la kulala mtu, lenye mifereji miwili miguuni, mmoja wa maji moto na mmoja wa maji baridi. Birika hapana. Kata hapana. Sakafu ya kumwagia maji nayo hapana. Swali la kwanza linalomjia ni hili: huku watu huogaje?

Si swali la mzaha. Nyumba ya Mwislamu haikai bila ya maji yenye kupita. Kuna kutawadha mara tano kwa siku, kuna josho la Ijumaa na la Idi, na kuna josho la faradhi ambalo haliahirishwi kwa sababu ya baridi ila pakiwa na madhara ya kweli. Kwa hiyo mwenyeji mpya wa Eldoret ana mambo mawili ya kuchagua: aling'oe lile hodhi, au aliache na juu yake atie shawa, yaani bomba la mvua. Makala haya yanahusu njia hiyo ya pili, ambayo wengi wameifuata. Kazi yenyewe huonekana ndogo, lakini ikifanywa kwa pupa huweza kuleta msiba nyumbani.

MAHODHI YALIVYOFIKA ELDORET

Eldoret ni mji wa bara ya juu, kiasi cha meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Mombasa kwa njia ya Nairobi ni safari ya karibu kilometa 800. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika katika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mahali ulipo mji palikuwa ni shamba namba 64, na mpaka leo wako wazee wauitao mji huo "Sikisti Foo". Jina la Eldoret lilitangazwa mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji.

Masetla na maofisa wa reli walijenga nyumba kwa desturi ya kwao. Kwao baridi ni kali, na kuoga ni kujaza maji moto ndani ya hodhi, kuingia, kulala na kupata joto. Maji hayo yalichemshwa nyuma ya jiko kwa kuni, ndani ya pipa la galani 44 lililolazwa juu ya meko ya mawe, na kutoka hapo bomba la chuma likayaleta bafuni. Katika mashamba ya bara mapipa ya namna hiyo yangali yapo. Mahodhi nayo yalikuwa ya chuma cha kusubu kilichopakwa rangi ngumu ya kauri, na moja lina uzito unaopita kilo 100. Hii ndiyo sababu mengi yangalipo. Nyumba zilibadilisha wenyewe, Mzungu akahama, Mhindi akaingia, kisha mwalimu, kisha mfanyabiashara, wala hapana aliyekuwa na hamu ya kulitoa dude lile mlangoni.

Watu wa pwani walipanda huko kwa reli, kwa biashara, kwa ualimu na kwa udereva wa malori ya kwenda Uganda. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, wakaongezeka wanafunzi na wahadhiri, na wengine huenda kutibiwa katika hospitali kuu ya rufaa ya hapo. Basi chumba kilichokusudiwa mtu wa kulala majini kikaangukia mikononi mwa watu wa kuchota.

KUCHOTA NA KUZAMA

Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, maji ya kuogea yalikaa katika birika lililojengwa pembeni mwa msala. Chini ya birika mara nyingi palijengewa bakuli la kauri kutoka Uchina, na ndani wakawekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipunguzwa ili birika lisafishwe, samaki walibaki ndani ya bakuli lile. Mtu hakuingia birikani hata siku moja. Alichota kwa kata ya kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, akajimiminia, na maji yakenda zake. Ukizuru magofu ya Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17, utaona kisima cha msikiti na birika la kutawadhia kando yake, na katika majumba utaona vyumba vya msala. Desturi hii basi si ya jana.

Chini yake iko elimu ya dini. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira, katika sahihi ya Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu mwenye janaba kuoga ndani ya maji yaliyosimama, na Abu Huraira alipoulizwa afanyeje, akajibu kwamba ayachote. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani, maji machache yasiyofika kulateni hupata hukumu yake mbali: yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika, na yakishatumika kuondoa hadathi huwa mustaamali, hayatoharishi tena. Kulateni hukadiriwa na wanavyuoni wa siku hizi kuwa kiasi cha lita 200, wengine wakipunguza kidogo na wengine wakizidisha. Hodhi la kawaida la nyumbani, likijazwa kwa namna ya kumwezesha mtu kuingia bila ya maji kumwagika, huchukua kama lita 150. Ni maji machache basi, tena yamesimama. Hatusemi kwamba kila aliyeoga humo josho lake halikusihi, kwani ufafanuzi wa jambo hilo uko kwa masheikh na vitabu vyao. Tunalosema ni kwamba wasiwasi wa mama wa Kilamu mbele ya hodhi lililojaa una asili yake, usichekwe.

Lakini pia tusidhani kuwa pwani haikujua hodhi. Princess Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 ameeleza mabafu makubwa ya jumba lile la Mtoni. Kidichi, nje ya mji wa Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrezade. Na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888 na kuleta maji ya mifereji mjini, alimwagiza Haji Gulamhussein amjengee hamamu ya watu wote. Ikafanya kazi mpaka mwaka 1920, na mtaa huitwa Hamamni mpaka leo. Humo vilikuwamo vyumba vya joto, vya baridi na mahodhi. Ila hamamu ilikuwa na sakafu ya mawe iliyoinama na mifereji ya kupitisha maji, watu wakajisuuza kwa maji safi. Hodhi la Eldoret halina sakafu hiyo, na ndiyo maana linahitaji kusaidiwa.

Msaada huo ni shawa. Ukiitazama vizuri, shawa ni kata iliyopanda ukutani: maji hutoka juu, hupita mwilini, huenda zake. Hodhi lililoko chini yake hugeuka likawa sakafu ya kupokelea maji, na tundu lake likiachwa wazi hapana maji yanayosimama.

KULING'OA AU KULIACHA?

Wako wanaosema hodhi livunjwe, sakafu ijengwe upya kwa kuinamishwa, mambo yaishe. Mwenye nyumba yake mwenyewe na fedha zake anaweza. Lakini mpangaji hawezi kuvunja mali ya watu, na hata mwenye nyumba sharti ajue kwamba chini ya hodhi hapakusakafiwa kwa ajili ya kumwagiwa maji. Ataanza na nyundo, kisha zege, kisha vigae, kisha bomba la uchafu lihamishwe, na nyumba itakaa majuma bila ya mahali pa kuoga. Shawa juu ya hodhi huweza kutiwa kwa siku moja au mbili, na mpangaji akihama huweza kuichukua.

Mafundi wa mifereji hufuata njia nne.

Ya kwanza ni mpira wenye vichwa viwili, unaochomekwa katika ile mifereji miwili ya hodhi na juu yake una kichwa cha kunyunyizia. Ni rahisi, haina kazi ya fundi, lakini mpira huchomoka maji yakiwa na nguvu, na mmoja ukichomoka aliye chini huungua kwa maji moto au hupigwa na baridi. Hii ni ya dharura.

Ya pili ni kuondoa mifereji miwili na mahali pake kufunga miksa ya hodhi yenye mpira na kichwa cha mkononi. Hapo fundi apime kwanza kabla ya kwenda dukani. Mifereji ya hodhi kwa kawaida ni ya robo tatu inchi, wakati mabomba ya beseni na shawa ni nusu inchi, na katika mahodhi ya Kiingereza kati ya tundu na tundu huwa ni sentimeta 18. Mahodhi ya zamani sana huwa na vipimo vyake vyenyewe, na miksa nzuri isiyoingia tunduni ni hasara tupu.

Ya tatu ni kuchimba ukuta na kupitisha mabomba mapya ndani yake mpaka kwenye miksa ya ukutani, kisha bomba moja lipande hadi kichwa cha shawa, kama meta mbili kutoka chini ya hodhi. Hii ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na ndiyo ya gharama, kwa kuwa lazima vigae vitiwe upya. Siku hizi mabomba ya chuma ya zamani, ambayo ndani huziba kwa kutu, hubadilishwa kwa ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Kabla ya kuziba ukuta, maji yafunguliwe na kuachwa usiku mzima, kila kiungo kikaguliwe kwa mkono mkavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa huo ukuta utaujenga kwa vigae.

Ya nne, na ndiyo iliyoenea kuliko zote nchini Kenya, ni shawa ya umeme ya papo hapo: kichwa cha plastiki chenye waya wa moto ndani, kinacholetewa bomba moja tu la maji baridi, na maji hupata joto yanapopita. Wengi huipenda kwa kuwa haitaki tangi la maji moto. Kwa hiyo tutaieleza zaidi, maana hapo ndipo penye faida na penye hatari.

MSUKUMO WA MAJI

Jambo la kwanza ni nguvu ya maji. Nyumba nyingi huwa na tangi juu ya dari ili kuvumilia siku za mgao. Maji ya tangi husukumwa na urefu tu: kila meta moja ya kwenda juu huzaa sehemu moja ya kumi ya baa. Mfereji wa hodhi uko chini, kwa hiyo tangi la darini humpa nguvu ya kutosha. Lakini kichwa cha shawa kimepanda juu ya kichwa cha mtu, na kati yake na tangi pengine imebaki meta moja tu. Hapo maji hudondoka kama machozi, na shawa ya umeme haitawaka kabisa, kwa sababu swichi yake huwashwa na msukumo wa maji. Mwenye nyumba humlaumu muuza duka, na kosa si lake. Dawa ni kuliinua tangi juu ya mnara, au kufunga pampu ndogo inayovuta kutoka katika tangi la nyumba yenyewe, si kutoka katika bomba la mji.

Jambo la pili ni usawa. Ukitumia miksa, maji moto na baridi yatoke katika urefu mmoja. Fundi akileta baridi moja kwa moja kutoka bomba la mji na moto kutoka tangi la darini, baridi hushinda, husukuma maji moto yarudi nyuma, na mtu huganda shawani huku hita inaunguza umeme bure.

SHAWA YA MOMBASA NA BARIDI YA ELDORET

Watu kadhaa wamepanda na shawa ile ile waliyoitumia Mombasa, kisha wakalalamika kwamba huko juu imeharibika. Haikuharibika. Hebu tufanye hesabu.

Shawa ya kawaida hutumia kilowati 5.5. Nguvu hiyo ni ile ile pwani na bara. Mombasa, maji ya tangi lililopigwa na jua huwa na nyuzijoto 28 hivi, na mtu huoga kwa raha kwa nyuzijoto 38. Kazi ya shawa ni kupandisha nyuzi kumi tu, na kwa kilowati 5.5 huweza kuzipandishia karibu lita nane kila dakika. Eldoret alfajiri hewa huweza kushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, na maji ya bombani tuseme ni 18. Sasa ni lazima yapandishwe nyuzi ishirini, yaani kazi mara mbili, na maji yatakayopatikana ni nusu yake: lita nne kwa dakika. Ukifungua zaidi yatakuja ya uvuguvugu, ukipunguza yatakuja ya moto. Mtu akilijua hili hununua kichwa chenye matundu machache na membamba, na lita nne humtosha vizuri.

Familia kubwa ingefaa kufikiria hita ya tangi. Tangi la lita 50 lenye kilowati 3 hupandisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60 kwa muda wa karibu dakika 50. Yakichanganywa na baridi hutoa kama lita 100 za kuogea, nayo ni watu wengi wakioga kwa kiasi. Yako pia matangi ya jua juu ya mapaa, na Eldoret jua si haba hata kama hewa ni baridi. Lakini yale ya moto sana yana hatari kwa watoto: maji ya nyuzi 60 huchubua ngozi kwa sekunde chache. Mtoto afundishwe kufungua baridi kwanza.

ATHI ILIYOPOTEA

Sasa tuje penye hatari. Shawa ya kilowati 5.5 kwa umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Hiyo si kazi ya soketi wala ya waya wa taa. Hutaka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, wa milimeta 4 za mraba au 6 ikiwa mbali, na swichi yake ya kujikata ya ampea 30 au 32. Swichi ya kuwashia iwekwe mbali na mkono wenye maji, nje ya mlango ikiwezekana. Tumepata kuona vyumba ambamo waya umeungwa kwa utepe mweusi juu ya hodhi, na utepe umekwisha kuyeyuka. Anayeoga chini yake hajui kinachomngojea.

Lakini iko hatari nyingine isiyoonekana, nayo hujificha ndani ya nyumba za zamani. Zamani mafundi wa umeme walizoea kuufunga waya wa athi katika bomba la maji, kwa kuwa bomba lilikuwa la chuma na lilizama ardhini. Umeme ukivuja ulipata njia ya kwenda chini. Leo fundi wa mifereji anakuja, anakata bomba la chuma lenye kutu, anatia la plastiki. Maji yanakuwa mazuri, mwenye nyumba anafurahi, wala hapana anayefahamu kwamba athi ya nyumba nzima imekatwa siku ile, kwa maana plastiki haipitishi umeme. Kisha inafungwa shawa ya umeme juu ya hodhi la chuma. Ikivuja, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa ni mtu aliyesimama ndani ya hodhi, uchi, mwili umelowa.

Kwa hiyo, kabla ya shawa ya umeme kufungwa katika nyumba ya zamani, aitwe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, aipime athi kwa chombo, si kwa macho. Pakihitajika apige nondo mpya ardhini. Hodhi la chuma nalo lifungwe waya wa athi. Na itiwe ile swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, ambayo huzima kabla ya moyo wa mtu kudhurika. Bei yake ni ndogo kuliko ya vigae.

Fundi wa mifereji na fundi wa umeme ni watu wawili. Aghalabu mwenye nyumba humwita mmoja na kumwambia amalize yote, ili apunguze ujira. Hapo ndipo misiba huanzia.

MAJI YASIRUDI, MAJI YASISIMAME

Shawa ya mkononi ina jambo lake. Mtu akiiacha ndani ya hodhi lenye maji machafu, na wakati huo huo maji ya mji yakakatika, mabomba huvuta pumzi kama mtu anyonyaye kwa mrija. Maji ya hodhini huingia katika bomba la nyumba, na baadaye mtu hutawadha kwayo au huyanywa bila ya kujua. Dawa ni vali ya kuzuia maji kurudi, kitu kidogo kama kidole gumba, kinachofungwa kati ya miksa na mpira. Pia mpira usiwe mrefu hata kichwa kikafika chini ya hodhi.

Kisha tundu la kutolea maji. Hodhi hujazwa mara moja na kufunguliwa mara moja, kwa hiyo wengi hawajui kwamba lao linatoa pole pole. Chini ya shawa itajulikana upesi: maji yatapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, na aogaye atakuwa amesimama ndani ya maji yaliyokwisha kutumika. Bomba la uchafu la hodhi ni la inchi moja na nusu, linatosha kabisa kwa shawa likiwa safi. Lifunguliwe, nywele na sabuni ya miaka ishirini zitolewe, na kichungi kiwekwe juu.

Mwisho ni ule ufa kati ya hodhi na ukuta. Huzibwa kwa silikoni, lakini mafundi wazuri hujaza hodhi maji kwanza, ndipo wakaziba, kisha huyaacha maji humo mpaka silikoni ikauke. Sababu yake ni kwamba hodhi likijaa hushuka kidogo kwa uzito. Ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza ya kutumika ufa hufunguka, na maji huanza kula ukuta kimya kimya. Vigae vipande mpaka kwenye kimo cha shawa, na pazia la plastiki liingie ndani ya hodhi, si nje yake.

MZEE NA UKINGO WA HODHI

Yote haya ni ya mabomba. Limebaki la mwanadamu. Mzazi aliyepanda kutoka Malindi au Pate kuja kuona wajukuu huamka kabla ya alfajiri kama alivyozoea. Kwao huingia msalani kwa hatua moja, sakafu ni kavu na ya kukwaruza. Huku analazimika kuinua mguu juu ya ukingo wa zaidi ya nusu meta, kukanyaga kauri iliyolowa, gizani, katika baridi ambayo mifupa yake haikuijua. Kuvunjika nyonga kwa mtu wa miaka sabini si jambo dogo.

Ndani ya hodhi utandikwe mkeka wa mpira wenye kunata. Ukutani pafungwe chuma cha kushikia, kilichopigwa skrubu katika jiwe, si kile cha kubandikwa kwenye kigae. Nje pawekwe kigoda imara cha kupandia, na taa iwe na swichi anayoifikia. Mifereji ya chini isiondolewe hata shawa ikitiwa: ndiyo itakayomfaa kuosha miguu wakati wa kutawadha akiwa ameketi ukingoni. Na ndoo na kata zibaki mahali pake. Umeme hukatika Eldoret kama unavyokatika kwingine, na siku hiyo maji ya birika la jikoni yakichanganywa ndooni humwogesha mzee kwa heshima yake yote. Ajue mwenye nyumba kwamba kwa ule urefu wa mji maji huchemka yakifika nyuzijoto 93 hivi, si 100, lakini ya kuunguza ni yale yale.

Na tusisahau israfu. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, na akitawadha kwa kibaba kimoja. Pishi hiyo ya Kiarabu haifiki lita tatu. Hodhi moja ni lita 150. Shawa ya lita nne kwa dakika, ikifunguliwa dakika tano, ni lita 20. Shawa haijafika kwenye sunna hiyo, lakini iko karibu nayo kuliko hodhi, na aliyezoea kata hujua kufunga maji wakati wa kujisugua sabuni.

Fundi akimaliza, asilipwe mlangoni. Tundu la hodhi na liachwe wazi, shawa ifunguliwe robo saa, mtu atazame chini ya hodhi, nyuma ya ukuta na ndani ya boksi la umeme, na ile swichi ya umeme unaovuja ibonyezwe kitufe chake cha kujaribia ionekane inakata. Kisha mwenye nyumba mwenyewe aoge wa kwanza, alfajiri, saa ile ya baridi kali ambayo wazee wake wataitumia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wahenga walisema, na mgeni wako atazivua nguo zake akiiamini kazi uliyoisimamia.